Skrubu mbili za gia ziachwe zilivyo

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa ushauri wa nyumbani ulichapa maelezo mafupi ya kurekebisha gia za baiskeli. Msomaji ambaye gia zake zinaruka aliambiwa achukue bisibisi, atafute skrubu mbili ndogo kwenye mkono wa gia wa nyuma (kile kifaa kinachoisogeza cheni kutoka gia moja hadi nyingine), azizungushe moja baada ya nyingine mpaka kelele iishe. Ushauri huo unaweza kuharibu gurudumu zima na kumwangusha mtu barabarani, kwa hiyo naomba nafasi ya kuupinga.

Mimi ni fundi mstaafu wa mitambo ya uchapaji. Mashine za kuchapia magazeti kama hili lenu ndizo zilizonizeesha. Jioni nilikuwa nikitengeneza baiskeli za nyumbani na za majirani, na sasa naifanya kazi hiyo mchana kutwa. Malipo yake ni shukrani, na mara nyingine baiskeli nyingine mbovu. Mtamboni nilijifunza jambo moja ambalo sijaliacha: kabla hujagusa skrubu, jiulize aliyeiweka aliiweka ya nini.

Skrubu hizo mbili, ambazo kwa kawaida zimeandikwa H na L, hazichagui gia. Kazi yake ni kuuzuia mkono usipite mwisho wa safari yake. H inauzuia usiende nje kupita sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ndogo kabisa, ili cheni isidondoke kati ya sproketi na fremu. L inauzuia usiende ndani kupita sproketi kubwa kabisa, ili cheni isiingie kwenye spoki. Ni kama kigingi kilichopigwa sakafuni ili mlango usigonge ukuta: bawaba zikilia, kukihamisha kigingi hakutazinyamazisha. Gia zote za katikati, na huko ndiko kelele nyingi zinakotokea, hazina habari kwamba skrubu hizo zipo.

Kinachochagua gia ni waya. Kila unapobonyeza swichi kwenye usukani na kusikia "tak", swichi imevuta au imeachia waya kwa kipimo maalumu. Katika gia za kawaida za Shimano, watengenezaji wa vifaa vya baiskeli, zenye sproketi 8, kipimo hicho ni takriban milimita 2.8. Mkono wa nyuma hukizidisha kama mara 1.7, cheni ikasogea milimita 4.8, na huo ndio umbali wa kutoka sproketi moja hadi jirani yake. Kwenye sproketi 9 umbali unashuka hadi milimita 4.35 hivi, kwenye 11 haufiki hata milimita 4. Sasa waya ukilegea nusu milimita tu, kiasi ambacho jicho langu la uzee halikioni, mkono unakosea karibu milimita 0.85, na unakosea hivyo hivyo katika kila gia. Cheni inakaa upande upande, inakwaruza sproketi ya jirani, halafu ukikanyaga kwa nguvu kupanda mlima inaruka.

Zamani hali haikuwa hivi. Swichi ilikuwa fimbo laini isiyo na vituo, na mwendeshaji aliisogeza huku akisikiliza cheni mpaka itulie, kwa hiyo waya ukilegea kidogo mkono wake ulifidia bila hata yeye kujua. Shimano waliingiza swichi zenye vituo kwenye vifaa vyao vya Dura-Ace mwaka 1984, na kutoka hapo zikaenea hadi kwenye baiskeli za watoto. Na kabla ya fimbo hizo, waendeshaji wa mashindano ya Tour de France hawakuruhusiwa kutumia mkono wa kubadilisha gia hadi mwaka 1937. Wakifika mlimani walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie sproketi ya upande wa pili. (Ukilazimika kuifupisha barua hii, Mhariri, kata hapa. Kwenye waya usikate.)

Dawa ya waya uliolegea haihitaji bisibisi. Fuata waya kutoka kwenye swichi hadi mwisho wake. Mahali unapoingilia kwenye mkono wa nyuma, au pale unapotokea kwenye swichi, au kote kuwili, utakuta kidude cha mviringo chenye mikato ya kushikia kwa vidole. Nitakiita kikazio. Ukikitazama kutoka upande ambao ganda la waya (mrija unaoufunika) linaingilia, kukizungusha kinyume cha mshale wa saa kunakaza waya, na kukizungusha kuufuata mshale kunaulegeza. Cheni ikisita kupanda kwenye sproketi kubwa, waya umelegea: kaza. Ikisita kushuka kwenye sproketi ndogo, waya umekaza mno: legeza. Robo ya mzunguko, kisha jaribu, si zaidi. Wanaozungusha mara tatu kwa mkupuo hupita mahali penyewe bila kupaona, halafu wanasema baiskeli ni mbovu.

Kama umepotea kabisa na hujui uko upande gani, anza upya. Inua gurudumu la nyuma. Weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa, zungusha pedali kwa mkono, kisha bonyeza swichi mara moja tu. Cheni inatakiwa kupanda kwenye sproketi ya pili bila kusita. Isipopanda, kaza kikazio mpaka ipande. Sasa endelea kukaza kidogo kidogo huku pedali zikizunguka, mpaka usikie cheni ikianza kuikwaruza sproketi ya tatu. Hapo rudisha taratibu hadi mkwaruzo unyamaze, na usirudishe zaidi. Pitia gia zote kupanda na kushuka, halafu ipeleke baiskeli barabarani ukaikanyage kwa uzito wako, maana gia inayotii ikiwa hewani haijathibitisha chochote. Na vidole vikae mbali na spoki na cheni wakati gurudumu linazunguka.

Sipendi baiskeli ipinduliwe miguu juu. Swichi zinalaliwa na usukani, na kulia na kushoto hubadilishana mtu akachanganyikiwa. Kamba mbili zilizofungwa kwenye boriti, moja imeshika kiti na nyingine usukani, zinatosha.

Sasa jambo ambalo makala yenu haikuligusa hata kwa neno moja, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko mengine yote: ganda ambalo waya unapita ndani yake. Mpwa wangu ni muuguzi na huenda zamu ya usiku kwa baiskeli. Alikuwa akinijia na lalamiko lile lile, "Mjomba, gia zimelegea tena," ingawa waya ulikuwa mpya. Kukaza kulisaidia siku chache tu. Nilipochomoa ganda nikalitazama kwenye mkato, nikaelewa: aliyelibadilisha alikuwa amemwekea ganda la breki.

Kwa nje maganda haya mawili yanafanana, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Ganda la breki limetengenezwa kwa utepe wa chuma uliosokotwa kama springi, ili listahimili mkono unapobana kwa nguvu zote. Kila likipinda urefu wake hubadilika kidogo, na likivutwa hujibana kidogo. Breki haijali milimita moja. Gia inajali, kama nilivyoeleza. Ganda la gia lina nyuzi nyembamba za chuma zilizolala sambamba na waya kwa urefu wote, na ndiyo maana halifupiki. Lakini msomaji asije akaligeuza fundisho hili kichwa chini na kuweka ganda la gia kwenye breki: nyuzi zile zinaweza kupasuka na kutoka nje breki inapobanwa ghafla, na hapo hutakuwa na breki. Hata nyaya zenyewe hazilingani. Wa gia una unene wa milimita 1.1 au 1.2, na wa breki ni mnene zaidi, kama milimita 1.5 au 1.6.

Ukilikata ganda la gia, tumia mkasi wa nyaya wenye makali. Koleo la kawaida huliponda, na mdomo uliopondwa hubana waya daima. Baada ya kukata, sugua mkato kwa tupa mpaka uwe sawa, ingiza ncha ya sindano kuufungua mrija wa plastiki wa ndani, kisha vika kifuniko cha mwisho. Usiliache refu likaning'inia kama kitanzi, wala usilifupishe mpaka likate kona kali. Waya mpya ukionekana kulegea wiki za kwanza, watu husema umevutika. Mara nyingi waya haujavutika kitu. Ni ganda na vifuniko vyake vinavyojikalia mahali pake. Robo mbili tatu za kikazio zinamaliza jambo hilo.

Ganda la zamani nalo hujaa uchafu, hasa kile kipande kifupi cha mwisho kinachopinda nyuma kuingia kwenye mkono wa gia, kwa sababu maji na vumbi la gurudumu vyote huishia hapo. Dalili yake haifanani na ya waya uliolegea: gia zinapanda vizuri, lakini zinashuka kwa kuchelewa, au zinakataa kisha zinashuka mbili kwa pamoja. Springi ya mkono haina nguvu za kuurudisha waya unaokwama. Hapa mtu anaweza kukilegeza kikazio hadi kesho asipate kitu. Akipata kushuka atapoteza kupanda. Ikiwa fremu yako ina vishikizo vya ganda vilivyo wazi upande mmoja, kuna njia ya kusafisha bila kufungua nati hata moja. Weka cheni kwenye sproketi kubwa kabisa, simamisha pedali, kisha bonyeza swichi irudi mpaka gia ya sproketi ndogo bila kuzungusha chochote. Waya wote utalegea. Chomoa vipande vya ganda kwenye vishikizo, vitelezeshe pembeni, futa waya kwa kitambaa, weka tone la mafuta mepesi, rudisha. Kama waya umeota kutu au una uzi uliokatika, usiufute, ubadilishe. Grisi nzito usiiweke ndani ya ganda, maana hugeuka gundi.

Kuna pia waya unaokatika uzi mmoja mmoja ndani ya swichi, karibu na kichwa chake, mahali usipopaona. Unarekebisha leo, kesho umelegea, unarekebisha tena, umelegea tena. Ukiona hivyo usiendelee kukaza. Utoe ungali mzima, kwa sababu ukikatikia humo kichwa hubaki ndani ya swichi na kukitoa ni kazi ya kumtia mtu hasira.

Ikiwa waya ni mzuri na ganda ni zuri lakini gia bado hazitulii, piga magoti nyuma ya baiskeli utazame. Mkono wa gia umefungwa kwenye kipande kidogo cha chuma kinachochomoza chini ya ekseli, ambacho nitakiita sikio. Vigurudumu viwili vidogo vya mkono vinatakiwa kusimama wima, kimoja chini ya kingine, sambamba na sproketi. Kama cha chini kimeelekea kwenye spoki, sikio limepinda. Kwenye fremu nyingi za alumini sikio ni kipande cha kufungua na kubadilisha, laini kwa makusudi, ili baiskeli ikiangukia upande wa cheni lipinde lenyewe kuliko fremu. Baiskeli ikilazwa chini, ilazwe upande wa kushoto. Kunyoosha sikio kunahitaji kifaa kirefu kinachofungwa kwenye tundu lake na kulinganishwa na rimu sehemu mbalimbali, na hilo mpelekee fundi mwenye nacho. Kulinyoosha kwa spana na macho, hasa la alumini, mara nyingi huishia kulivunja.

Na cheni kuukuu hairekebishiki kwa lolote. Chukua rula uipime cheni ikiwa imekazwa: kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake, cheni mpya ina milimita 304.8. Ikivuka milimita 306.4, ibadilishe. Ikifika karibu milimita 308, sproketi nazo zimekwisha kulika, na cheni mpya itaruka juu yake, hasa kwenye ile unayoitumia kila siku.

Gia za mbele sina mengi ya kusema. Kizimba cha mkono wa mbele, kile kinachosukuma cheni, kikae milimita 1 hadi 3 juu ya meno ya sproketi kubwa, bamba lake la nje liwe sambamba na sproketi hiyo, na mengine ni waya vile vile. Ukitumia sproketi kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, cheni hukaa mshazari na kukwaruza. Usiitafutie dawa, badili gia.

Wapo pia wenye gia zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, za namna ya Sturmey-Archer yenye gia tatu, ambayo haina hizo skrubu mbili kabisa. Kwenye ile ya AW, weka gia ya pili, tazama ndani ya nati ya upande wa kulia penye kidirisha: bega la kipini kinachovutwa na kicheni kidogo liwe sawa na ncha ya ekseli. Waya ukilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo habu haishiki chochote. Pedali zinakwenda bure ghafla, na anayekanyaga akiwa amesimama anaweza kuanguka vibaya.

Nabaki na wale waliosoma makala yenu na tayari wamezungusha skrubu. Kwao nasema wasipande baiskeli hizo kwanza. Kelele huenda iliisha kweli, kwa sababu ukikaza skrubu ya H kupita kiasi unausukuma mkono ndani kidogo kwenye sproketi ndogo, na ukilegeza ya L unauruhusu mkono uende mbali zaidi kwenye kubwa. Kinachosubiriwa ni siku utakapobonyeza gia nyepesi kabisa katikati ya mlima, cheni ipite juu ya sproketi kubwa na kuingia kwenye spoki. Mkono wa gia huvutwa ukafuata, ukang'oka pamoja na sikio, na gurudumu likasimama hapo hapo.

Rekebisheni hivi. Gurudumu likiwa hewani, weka cheni kwenye sproketi ndogo kabisa na ulegeze waya wote, ama kwa kikazio ama kwa kufungua bolti inayoubana. Tazama kutokea nyuma: kigurudumu cha juu kikae chini ya ukingo wa nje wa sproketi ndogo. Skrubu ya H ndiyo inayokiweka hapo; kukaza kunakivuta ndani, kulegeza kunakiachia nje. Kisha kaza L vya kutosha, ili cheni isiweze kufika sproketi kubwa. Zungusha pedali polepole kwa mkono mmoja, na kwa mwingine usukume mkono wa gia kuelekea spoki, ukiushika kwa nje, mbali na cheni. Legeza L robo kwa robo mpaka cheni ipande sproketi kubwa na kutulia, kigurudumu cha juu kikiwa katikati chini yake. Sukuma tena kwa nguvu kidogo. Ikikataa kwenda mbele zaidi, pametosha. Tazama pia kigurudumu hicho kisiguse sproketi kubwa. Kwa mikono mingi ya kawaida nafasi ya milimita 5 au 6 kati yao inafaa, na skrubu ya tatu, inayosukuma mkono mzima nyuma, ndiyo ya kuirekebisha.

Hapo funga waya ukiwa umenyooka, kikazio kikiwa kimebakiza mizunguko miwili mitatu ya kukazia, uanze ile kazi ya sproketi ya pili na ya tatu niliyoieleza juu. Bisibisi irudi sandukuni kabla hujaanza.

Wako,
Fundi mstaafu wa mitambo ya uchapaji